Tusi la Shilingi 500

Katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, karibu na Omurushaka wilayani Karagwe, tusi moja ni shilingi 500. Mimi ndiye mtunza kumbukumbu: nasoma jina la aliyetukana, naye anaweka fedha kwenye bakuli la faini mbele ya wote. Zinaingia mfuko wa jamii, ule wa misiba na wagonjwa.

Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinatosha kumfunga hadi miezi 6 mwenye matusi yanayoweza kuvunja amani. Lakini nani atampeleka jirani polisi Kayanga kwa neno lililomtoka akigombea mkopo? Akifungwa, deni lake atalipa nani? Faini ndogo inafaa kwa sababu hiyo, na kinachouma si ile 500. Kinachouma ni jina lako kusomwa mbele ya watu mnaozikana.

Shida huja wakati wa msimu, kahawa ya maganda ikishauzwa. Mwanachama mmoja aliweka noti ya 5,000 bakulini kabla hajafungua mdomo, akasema hiyo inatosha kikao kizima. Baadhi walicheka. Mimi iliniuma, maana aliyetukanwa baadaye ni mama mjane aliyeomba mkopo wa sare za mtoto.

Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walionyesha jambo hilohilo, faini kugeuka bei, mwaka 2000. Huko Haifa, Israeli, vituo 6 vya kulea watoto viliwatoza faini ndogo wazazi waliochelewa kuwachukua watoto wao. Wachelewaji wakaongezeka karibu maradufu, na faini ilipofutwa hawakupungua. Mzazi alikwisha kujiona amelipia kuchelewa.

Basi tulibadili katiba. Faini ya 500 imebaki kwa kosa la kwanza. Anayerudia husimama na kumwomba radhi aliyemtukana, akimtaja jina, kabla sanduku la fedha halijafungwa kufuli zake 3. Akifika mara ya tatu, hakopi mpaka siku ya mgao wa akiba.

Sasa wapo wanaotaka faini ipande wakati wa kahawa, eti fedha zipo. Sheria ya Uingereza ya 1745, iliyotoza faini kwa viapo na laana za kufuru, angalau ilitofautisha watu: kibarua shilingi 1, bwana mkubwa 5. Kwetu mwenye shamba na anayemchumia kwa kibarua wamo kikundi kimoja, na msimu haujazi mifuko yao sawasawa. Nimepinga, na kikao kijacho nitapinga tena.