Je, Wajua? Nyumba Zilizojengwa Kuukamata Upepo

Je, wajua kwamba wamishonari Wajerumani wa Neukirchen walipoweka kituo chao Ngao, kando ya Mto Tana, mwaka 1887, bado hakuna aliyekuwa amethibitisha kuwa mbu ndiye anayeeneza malaria? Ronald Ross alimwona mdudu wa malaria ndani ya mbu miaka 10 baadaye, huko India. Kabla ya hapo waganga wa Ulaya waliilaumu hewa inayofuka kwenye matope na majani yaliyooza. Anayeijua Ngao baada ya mafuriko ya masika anaelewa kwa nini waliamini hivyo: maji hurudi mtoni, tope hubaki, na homa hufuata. Harufu waliisikia, mbu hawakumshuku.

Je, wajua kwamba imani hiyo ndiyo iliyochora ramani za majengo? Kama hewa ya bwawani inaua, basi hewa ya bahari inaponya. Huko Margate, Uingereza, hospitali ya kuoga baharini iliyoasisiwa mwaka 1791 iliwekewa varanda wazi, na wagonjwa wa kifua kikuu cha tezi na mifupa, wengi wao watoto, walilazwa huko nje. Enzi ya Malkia Victoria, nyumba za kupatia nafuu zilienea ufukweni mwa Uingereza. Mwaka 1859 Florence Nightingale aliandika kwamba wodi iwe na madirisha pande zote mbili, yakitazamana, ili upepo upite moja kwa moja.

Watu wa pwani yetu hawakusubiri kuambiwa faida ya upepo wa bahari. Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, alikuwa na kasri lake la mapumziko Chukwani, kusini mwa mji, kando ya bahari.

Je, wajua kwamba boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba? Majumba ya mawe ya Lamu na Zanzibar yalijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari ikabebwa na boriti za mikoko. Boriti moja haivuki mbali, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba, kwa kawaida chini ya mita 3. Ingia kimoja mchana wa jua kali: ukuta mnene ni baridi kiganjani, juu boriti zimepangwa kwa karibu, na mwanga unaingia kutoka kiwanda, yaani ua wa ndani. Ni chumba kizuri cha familia. Lakini wodi pana yenye safu mbili za vitanda haikai humo. Inahitaji nguzo au chuma.

Je, wajua kwamba jengo la zahanati ya zamani lililo ufukweni Malindi, Unguja, lilianzishwa kama hospitali ya maskini? Tajiri Tharia Topan aliweka jiwe la msingi mwaka 1887, kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Victoria. Alifariki 1891, jengo likamalizika 1894. Roshani zake za mbao zilizonakshiwa zinatazama bandari, na kwa macho yangu hakuna jengo la tiba zuri kulishinda pwani yote hii.

Dar es Salaam, Wajerumani walifungua hospitali yao ufukweni mwaka 1897, mwaka uleule wa ugunduzi wa Ross. Ndiyo Ocean Road, leo taasisi ya saratani.

Je, wajua kwamba nadharia ilikuwa potofu, lakini nyumba zilikuwa sahihi? Mbu ni mrukaji dhaifu. Upepo wa kusi ukivuma, anashindwa kutua. Varanda iliyoelekezwa baharini ilimsaidia mgonjwa kwa sababu ambayo mjenzi wake hakuijua. Tena hewa inayopita hupunguza kuambukizana kifua kikuu, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani linalisisitiza hadi leo. Zahanati za bati zenye kidirisha kimoja ni kurudi nyuma, na tunazijenga bado.

Wewe uliye Ngao, Garsen au Kipini, kama nyumbani kuna mzee anayekumbuka majengo ya zamani ya misheni yalivyoinuliwa, chokaa ilichomwa wapi na madirisha yalielekea upande gani, mketi naye wiki hii na uandike.