Nyutroni Nusu Haipo

Mwanafunzi hupewa klorini, namba ya atomu 17, uzito wa atomu 35.5, akaambiwa ataje idadi ya nyutroni. Anatoa 17 kwenye 35.5, anapata 18.5. Sasa hiyo nusu imetoka wapi?

Kutoa si kosa. Kosa ni kuanzia na 35.5, maana hakuna atomu hata moja ya klorini yenye uzito huo. Ni wastani. Ukichukua atomu 100 za klorini ya kawaida, kama 76 zina nyutroni 18 na 24 zilizobaki zina nyutroni 20. Za kwanza ni klorini-35, za pili klorini-37. Zidisha 76 kwa 35, na 24 kwa 37, jumlisha, gawa kwa 100: 35.48. Vitabu vya shule huikadiria kuwa 35.5, kisha maswali mengine husahau kusema ni atomu ipi inayoulizwa.

Protoni hazina utata huo. Penye protoni 17 pana klorini. Ongeza moja tu, unapata agoni, gesi isiyopenda kuungana na chochote. Zamani wanakemia walipanga elementi kwa uzito, lakini kobalti na nikeli ziliwasumbua: kobalti ni nzito kidogo zaidi, ilhali tabia zake zinataka itangulie. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley alipima eksirei zinazotolewa na elementi mbalimbali, akaonyesha kuwa kwa namba ya atomu, yaani idadi ya protoni, kobalti ni ya 27 na nikeli ya 28. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli, akiwa na umri wa miaka 27.

Elektroni ndizo zinazohamahama. Atomu isiyo na chaji huwa nazo sawa na protoni, ila kwenye chumvi ya kupikia, sodiamu yenye protoni 11 imebaki na elektroni 10, kwa kuwa moja imechukuliwa na klorini. Ndiyo maana tunaandika Na⁺ na Cl⁻. Hiyo alama ya kutoa huwaponza wengi: wakiulizwa Cl⁻ ina elektroni ngapi, wanapunguza moja na kujibu 16. Elektroni ina chaji hasi, hivyo atomu iliyoongezewa elektroni ndiyo inayowekewa alama hiyo. Jibu ni 18. Nyutroni zake je? Kama mtahini hajataja 35 au 37, swali lake halina jibu.