Kitabu Chako, Pesa Zenu: Usikurupuke Kuchagua Kampuni ya Kuchapa

Mswada umekamilika. Mwenzi wako kausoma mpaka kacheka peke yake, na marafiki hapo Mlowo kila siku wanauliza, "Kitabu kinatoka lini?" Halafu unakutana na tangazo la kampuni inayochapa kwa oda, yaani nakala moja moja kadiri wanunuzi wanavyoagiza. Hakuna kulundika maboksi chumbani! Subiri kidogo, mpenzi msomaji. Kabla hujagusa pesa ya kahawa au akiba ya ada ya watoto, jiulize haya.

Msomaji wako yuko wapi?

Amazon KDP, IngramSpark na Lulu ni kati ya kampuni maarufu za kazi hii. Unatuma faili kwa intaneti, mtu wa London au Chicago akinunua, nakala yake inachapwa na kumfikia. Kwa wasomaji wa nje, njia hii inafanya kazi. African Books Collective, iliyoanzishwa na wachapishaji wa Afrika mwaka 1989, inaitumia kuuza Ulaya na Marekani vitabu vya wachapishaji kama Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam.

Je, kama mteja wako ni mwalimu wa Vwawa au mfanyabiashara wa mahindi wa Tunduma? Kitabu kikitoka ng'ambo, gharama ya kusafirisha inaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe. Kwa huyo, tafuta mchapaji wa Mbeya au Dar, uulize bei ya nakala 50 au 100. Kila nakala itakuwa ghali kuliko ukichapa 1,000, lakini mambo yakienda kombo hutalala njaa.

Nani anamlipa nani?

KDP na Lulu hazidai ada ya kuingiza kitabu. Hukata gharama ya kuchapa na fungu lao kinapouzwa. Kampuni ikitaka mamilioni ya "paketi" kabla hata nakala moja haijauzwa, shtuka: mteja wao ni wewe! Uliza pia malipo yatakufikiaje na makato ni kiasi gani. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo mrabaha unaotokana na mauzo ya huko unaweza kukatwa asilimia 30.

Kitabu ni cha nani?

Soma mkataba neno kwa neno. Hakimiliki ibaki kwako, faili za mwisho upewe, na uwe huru kuchapa kwingine. ISBN ya bure ya KDP haitumiki nje ya Amazon. Yako mwenyewe unaipata Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Hakimiliki unaweza kuisajili COSOTA.

Umekishika mkononi?

Agiza nakala ya majaribio kwanza. Angalia gundi, rangi ya jalada, na kama maandishi hayajamezwa katikati ya kurasa. Picha nzuri kwenye simu haitoshi.

Mwenzi wako anajua?

Hapa ndipo nyumba nyingi huyumba. Tuseme mchapaji anataka shilingi 6,000 kwa nakala, nawe unaagiza 500. Hiyo ni milioni 3! Ukizitoa kimya kimya, vitabu vikikwama mtagombana kwa mambo mawili: hasara na siri. Kaeni chini, kubalianeni kiasi ambacho hata kikipotea watoto watakula na kwenda shule. Anzeni hapo, mkiuza mrudie.

Kuandika kitabu ni kazi ya kujivunia, na hakuna tangazo linalostahili kukuharakisha. Kila la heri, na nakala ya kwanza mpe aliyekuvumilia ulipokuwa ukiandika usiku kucha!