Mtego wa thamani

Mtego wa thamani ni hisa inayoonekana kuuzwa chini ya thamani ya kampuni, kumbe thamani hiyo nayo inaendelea kupungua. Mwekezaji huinunua akidhani amepata kitu rahisi, kisha bei huzidi kuporomoka au hudumaa kwa miaka mingi.

Uwekezaji wa thamani ulielezwa kwa kina na Benjamin Graham na David Dodd, walimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, katika kitabu chao cha mwaka 1934. Hawakufundisha kwamba kila hisa iliyoshuka ni rahisi. Bei ya zamani si kipimo cha thamani. Hupimwa mali, madeni na faida.

Hata faida yaweza kupotosha. Tuseme hisa inauzwa shilingi 60, na mwaka jana kampuni ilipata faida ya shilingi 20 kwa kila hisa. Bei ni mara 3 tu ya faida. Lakini faida ya mwaka huu ikiwa shilingi 3, bei ileile ni mara 20 ya faida, na hisa hiyo ni ghali! Vivyo hivyo gawio: asilimia yake hupanda bei inaposhuka, mpaka siku kampuni inapolipunguza.

Swali gumu ni kama kampuni imepata jeraha litakalopona au biashara yenyewe inakufa. Warren Buffett, mwanafunzi wa Graham, alikutana na hali zote mbili katika miaka ya 1960.

Mwishoni mwa 1963 kampuni ya American Express iliingia matatani. Kampuni yake tanzu ya maghala ilikuwa imetoa hati za kuthibitisha shehena za mafuta ya kula, lakini matangi mengi yalikutwa na maji. Hisa zilishuka kutoka dola 60 hivi hadi karibu 35. Buffett alikwenda kuangalia katika mikahawa na maduka ya Omaha, akakuta watu wanaendelea kutumia kadi na hundi za wasafiri za kampuni hiyo kama kawaida. Wateja hawakuwa wamekimbia. Alinunua, na bei ikapanda tena.

Berkshire Hathaway, kampuni ya nguo ya New Bedford, Massachusetts, ilikuwa tofauti. Alianza kuinunua mwaka 1962 kwa dola 7.50 kwa hisa, ilhali mtaji wake wa kuendeshea biashara ulikuwa dola 10.25 kwa hisa. Kwa hesabu za Graham ilikuwa rahisi. Lakini viwanda vya nguo vya eneo hilo vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, na kubadili mashine hakukusaidia, kwa kuwa washindani nao walibadili zao. Jina la kampuni lilidumu kwa sababu Buffett alihamishia fedha zake kwenye bima na biashara nyingine. Kazi ya nguo ilifungwa mwaka 1985.

Madeni huongeza hatari. Kampuni yenye fedha mkononi yaweza kungoja jeraha lipone. Yenye mikopo mikubwa hufikiwa na tarehe ya kulipa kabla haijapona.