NGOMA HAIPAKIWI KATIKA LORI

Mtu akihamishwa kijijini kwake, vyombo vyake hupakiwa katika lori na nyumba nyingine hujengwa. Lakini ziko mali zisizopakiwa, na mojawapo ni ngoma.

Kijiji cha Quitunda, katika wilaya ya Palma, Jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, ni shahidi wa jambo hilo. Kilijengwa kwa ajili ya wananchi waliopisha mradi wa gesi katika rasi ya Afungi, na familia za kwanza zilihamia mwaka 2019. Mji wa Palma uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu ya watu walikimbilia hapo. Wilaya hiyo ni makazi ya Wamakonde, Wamakwe, Wamwani na Wamakua, kila watu na ngoma zao.

Mfano mmoja ni mapiko ya Wamakonde. Mchezaji hujifunika mwili mzima kwa nguo, akavaa kichwani kinyago cha mti mwepesi. Kinyago hicho huandaliwa porini, mahali pa faragha, mbali na macho ya wanawake na ya watoto ambao hawajapita jandoni. Vijana watokapo jandoni, mapiko huchezwa kwa shangwe. Basi ngoma hiyo yahitaji vitu vitatu: pori lake, mafundi wake na vijana wa kuirithi. Kimoja kikikosekana, hubaki mchezo wa kutazamwa tu.

Mwaka 1978, miaka 3 baada ya Uhuru, Msumbiji ilifanya tamasha la taifa la ngoma. Matamasha ya namna hiyo yana faida kubwa, kwani watu wa jimbo moja hujua utajiri wa jimbo jingine. Hata hivyo, jukwaa huonyesha ngoma. Halimfundishi mtoto kuipiga.

Yaliyowapata watu wa Kazakhstan, huko Asia ya Kati, yanathibitisha hayo. Wafugaji wao waliokuwa wakihamahama nyikani walilazimishwa kukaa mahali pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1930, na njaa ikaua watu zaidi ya milioni 1. Maisha ya kuhamahama yalivunjika, lakini dombra, ala yao ya nyuzi 2 ipigwayo kwa vidole mfano wa gambusi, haikunyamaza. Wazee waliendelea kuwaketisha vijana mbele yao na kuwafundisha kwa sikio. Mwaka 2014 UNESCO iliutambua muziki huo kuwa urithi wa binadamu, na tangu 2018 Jumapili ya kwanza ya Julai ni Siku ya Dombra nchini humo.

Jambo hili lazihusu pia jamaa za askari. Uhamisho ni sehemu ya kazi: mtoto huzaliwa Mtwara, akasoma Mwanza, akakulia kambini Dodoma. Magodoro na masufuria hufika salama, lakini nyimbo za bibi husahaulika njiani. Ni wajibu wa wazazi kumpeleka mtoto kwa wazee wakati wa likizo, ashike ngoma kwa mikono yake mwenyewe na aelezwe maana yake. Asiyefundishwa leo hatakuwa na la kumfundisha mwanawe kesho.