Maji Moto Juu ya Mnazi

Mjomba wangu, mkwezi wa kisiwa cha Chula, hujipaka jivu mikononi na miguuni kabla ya kushika mnazi. Si uganga, ni kwa ajili ya chungu waitwao maji moto. Chungu hawa wekundu hawana mwiba: hung'ata kwa taya, kisha hupinda tumbo na kurashia asidi penye jeraha. Lakini watazame wakijenga! Wengine huvuta kingo za majani mpaka zikutane, wengine huleta mabuu mdomoni na kuwapitisha huku na huku kama sindano ya nyavu, buu akitoa hariri inayoshona.

Mjomba anataka wafukuzwe. Sikubaliani naye. Zanzibar, miaka ya 1950, mtafiti M. J. Way alionyesha kuwa maji moto huwazuia kunguni wanaofyonza vidaka hadi vikaanguka. Adui wa maji moto ni chungu wadogo wa kahawia, wenye askari wa vichwa vikubwa, wanaokaa mchangani chini ya shina. Hao wakishinda, mnazi hukosa mlinzi.

Dawa ni kamba ya mti hadi mti, maji moto wapite juu kwa juu. Kamba kuukuu za mashua mjomba anazo tele.