Roma Jumanne, Nyanya Alhamisi

Binti mmoja wa miaka 11 ninayemfundisha historia nyumbani kwao Nairobi anasoma vipindi viwili kwa wakati mmoja. Jumanne ni Roma ya kale. Alhamisi ni Kenya ya miaka ya 1950, na siku hiyo kitabu hukaa kando kwa muda mrefu, kwa sababu upande wa pili wa meza huwa ameketi nyanya yake, mzaliwa wa Murang'a, mwenye umri wa miaka 84. Wajukuu humwita Cucu.

Wazazi wanaosomesha watoto nyumbani huniuliza kama mpango wa namna hii haumvurugi mtoto. Wasiwasi wao una msingi. Mitaala mingi inayotumika majumbani imetoka Marekani, na mingi kati ya hiyo hufuata mzunguko wa miaka 4 uliopata umaarufu kupitia kitabu cha Jessie Wise na bintiye Susan Wise Bauer, The Well-Trained Mind, kilichotoka 1999. Mwaka wa kwanza ni mambo ya kale, wa pili enzi za kati, wa tatu ni kuanzia karibu 1600 hadi 1850, na wa nne unafika siku zetu. Kisha mzunguko unaanza upya kwa vitabu vigumu zaidi. Ni mpango mzuri. Mtoto harukiruki, anaona jinsi jambo moja lilivyozaa jingine.

Lakini hebu tupige hesabu. Mtoto akianza akiwa na miaka 6, karne ya 20 anaifikia akiwa na miaka 9, mdogo mno kuelewa Hali ya Hatari ya Kenya ya miaka ya 1950 ilikuwa nini. Akirudi kwenye karne hiyo mara ya pili ana miaka 13. Nyanya aliyekuwa na miaka 79 mzunguko ulipoanza sasa ana 86, kama bado yupo. Mafarao wamekwisha kutusubiri maelfu ya miaka na watatusubiri tena. Nyanya hawezi. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kushikilia mikondo miwili: mmoja wa mbali, unaosomwa vitabuni, na mmoja wa karibu, ambao shahidi wake bado anapumua.

Wazo lenyewe si geni. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefungua chuo mjini Ambleside mwaka 1892 na kufariki 1923, aliandaa programu za masomo zilizotumwa kwa posta kwa familia zilizosomesha watoto nyumbani. Watoto wa miaka 6 walianza na historia ya nchi yao peke yake. Walipokaribia miaka 9 waliongezewa historia ya Ufaransa, nchi jirani, pamoja na historia ya kale. Umri huo naona aliukadiria vyema. Kabla ya hapo mtoto bado anatafuta maana ya neno "zamani". Kwake dinosaria na utoto wa mama yake ni mambo ya juzi moja. Mpe mkondo mmoja tu, na hadithi nyingi.

Kuhusu hofu ya kuchanganyikiwa, mtoto wa Kenya husema saa moja asubuhi huku simu mbele yake imeandika 7:00, na hakosei. Mtoto wa Kiislamu kule Mombasa anajua kwamba Ramadhani huandama na mwezi, na muhula wa shule hufuata kalenda ya ukutani. Kushika nyakati mbili kichwani ni kazi ambayo watoto wetu huifanya kila siku bila kufundishwa na mtu. Kinachowatatiza ni vipindi viwili vinavyofanana. Niliwahi kumfundisha mvulana mmoja Ugiriki na Roma kwa pamoja, na baada ya wiki chache miungu ilikuwa imebadilishana majina na Sparta imehamia Italia. Tangu hapo huchagua vipindi vilivyo mbalimbali kabisa, na kila kimoja hukipa siku yake. Sijawahi kuviweka katika asubuhi moja.

Umbali huo lazima mtoto auone kwa macho. Chukua kamba ya kuanikia nguo yenye urefu wa mita 5, kila milimita iwe mwaka mmoja. Mwisho mmoja ni leo. Piramidi Kuu ya Misri unaibana kwa kibanio karibu mita 4 na nusu kutoka hapo. Mwaka 476, mfalme wa mwisho wa Roma ya magharibi alipoondolewa, uko kama mita 1 na nusu. Maisha yote ya Cucu, pamoja na ukoloni, uhuru, watoto 7 na wajukuu, yanaingia katika sentimita 8 na nusu hivi. Binti huyu alipima kwa vidole vyake, akanyamaza, kisha akaomba kupima tena.

Kamba ni ya ukutani; daftari ni la maisha yote. Wanafunzi wa Mason waliwekewa daftari la karne, nasi tunalo la kwetu. Kila karne inapewa kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa mmoja una mistari 20, kila mstari ukibeba miaka 5. Ukurasa wa pili ni wa michoro. Mikondo yote miwili inaandikwa humo humo, na hapo tu ndipo inapokutana. Mimi simlazimishi mtoto kulinganisha. Simpi swali la "taja tofauti nne". Naacha daftari lifanye kazi yake.

Na hufanya. Jumanne moja tulisoma juu ya watumwa wa Roma waliotoroka wakakamatwa. Wengine, hasa katika karne ya 4, walivishwa kola za chuma zilizoandikwa jina la bwana wao na agizo kwamba warudishwe. Makumbusho za Ulaya zinazo kola hizo hadi leo. Binti akaichora. Alhamisi iliyofuata Cucu alikuwa akizungumzia kipande, hati yenye alama za vidole ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kuibeba tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hati ilitiwa ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni kwa uzi. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani njuga ya mbuzi. Baba yake Cucu alikuwa nacho. Binti alifungua daftari bila kuambiwa, akarudi nyuma kurasa nyingi hadi kwenye kola, akamwonyesha nyanya yake.

Wakati kama huo ndio wenye hatari kubwa, na hapo mwalimu hana budi kuwa macho. Ni rahisi mno kufurahi na kusema "ndiyo, ni kitu kile kile." Si kile kile. Mtumwa wa Roma alikuwa mali ya mtu, aliweza kuuzwa sokoni, na mtoto wa mtumwa wa kike alizaliwa mtumwa. Mwenye kipande alikuwa kibarua asiyeruhusiwa kumwacha mwajiri bila hati yake kutiwa saini, naye alihitaji fedha ili alipe kodi ya serikali. Nilimwomba binti aandike chini ya kila mchoro nani alimvisha nani, na kwa sheria gani. Ilimchukua saa nzima, na ukurasa ule ndio bora zaidi katika daftari lake.

Mkondo wa karibu una ugumu wake pia. Wazee hawahesabu kwa tarakimu. Cucu husema "mwaka tuliohamishwa", na ni kazi ya mtoto kutafuta kwamba uamuzi wa kuwakusanya watu katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki ulipitishwa 1954, na kwamba zaidi ya watu milioni moja walihamishwa katika muda usiofika miaka miwili. Kumbukumbu ya mzee ni ushahidi, nao hupimwa kama ushahidi mwingine wowote. Mtoto anaweza kujifunza hilo bila kumvunjia mzee heshima, mradi swali liwe la kuomba kuelezwa zaidi. "Cucu, mvua ilikuwa imeanza?" humsaidia mzee kukumbuka. "Una hakika?" humfunga mdomo.

Tena kuna nyumba ambazo babu mmoja alikuwa msituni akipigana na wakoloni na mwingine alikuwa ngati, mlinzi wa upande wa serikali ya kikoloni. Mzazi, zungumza na wazee kwanza, peke yenu, kabla mtoto hajafungua daftari. Kama kuna jambo hawataki kulisema, liheshimuni. Mstari unaweza kubaki mtupu kwa miaka mingi, na mtoto mwenye akili atajua kwamba utupu huo nao una habari.

Kwa ratiba, dakika 40 kwa kila mkondo kwa wiki zinamtosha mtoto wa miaka 9 hadi 12: kusoma kidogo, kusimulia alichosikia kwa maneno yake mwenyewe, kisha daftari. Wenye watoto wa umri tofauti wawaweke wote pamoja siku ya nyanya, hata mdogo wa miaka 5 aliyeshika kalamu za rangi. Roma wakubwa watajisomea.

Wiki iliyopita binti alimuuliza Cucu alisoma hadi darasa gani. Cucu alikuwa akisoma katika mojawapo ya shule huru za Wakikuyu, zile zilizojengwa na wazazi wenyewe. Serikali ilizifunga mwaka 1952, naye hakurudi darasani tena. Katika mstari wa 1950 hadi 1954 binti alikuwa ameacha nafasi ndogo. Alimpa nyanya yake kalamu. Cucu aliishika kwa muda, akauliza mstari ni upi, akaandika jina lake la kwanza kwa herufi kubwa, polepole, na chini yake mwaka.